Ua linalotoboa theluji Februari: ni ua gani, na litakubali Kuze?

#1 MamaRukia
Hamjambo wanabaraza. Binti yangu yuko Leeds, Uingereza, mwaka wa pili huu. Jana kanitumia picha ya ua dogo jeupe, kichwa kimeinama kama bibi harusi, limetoka katikati ya theluji. Pembeni hakuna kitu chengine kilicho hai, miti yote imebaki vijiti. Niliitazama picha ile mpaka chai ikapoa. Mimi nimezaliwa Kuze, hapa Mombasa. Najua asumini, najua kilua, najua mrehani, na vyote hivyo ukivisahau kuvitilia maji siku mbili tatu wakati huu wa kaskazi, vinalegea. Sasa hili lapata wapi nguvu ya kuchanua ndani ya barafu? Nina maswali mawili: ni ua gani, na je, binti akija mwezi wa nane akiniletea mbegu, litakubali kwenye kopo uani kwangu? Naomba majibu ya kweli, maana nimelipenda.

#2 KijanaTudor
Mama Rukia, hilo ni la plastiki. Binti amekupambia picha.

#3 Mtunza_Kitalu
Si la plastiki. Jina lake la kitaalamu ni *Galanthus nivalis*. Linnaeus alilipa jina hilo mwaka 1753 kutokana na maneno ya Kigiriki, maziwa na ua. Waingereza hulifananisha na tone la theluji, lakini mimi napenda zaidi jina la Wafaransa, *perce-neige*, yaani kitoboa-theluji. Halikuota kwa mbegu ya juzi. Chini kuna tunguu dogo, ukubwa wa punje nono ya kitunguu saumu, na ndani ya tunguu hilo ua lilikwisha kuumbika tangu jua la mwaka jana. Februari linatoka nje tu. Habari ya Kuze nitarudi nayo jioni, nina wateja hapa Bamburi. Ila usijipe matumaini makubwa.

#4 KijanaTudor
Haya, nafuta la plastiki. Lakini nilisoma mahali kuwa linatoa joto lake lenyewe likayeyusha theluji. Si ndiyo nguvu anayoiuliza mama?

#5 Mwalimu_Bio
Umechanganya mimea miwili, kijana. Wenye joto ni *Symplocarpus foetidus*, wa mashariki ya Amerika Kaskazini, jamaa wa magimbi yetu haya. Huo huunguza wanga uliojiwekea chini ya ardhi, na ua lake hupanda joto hata zaidi ya nyuzi 15 kuliko hewa iliyolizunguka, theluji ikayeyuka na kuacha tundu. Tena unanuka kama nyama iliyooza, na nzi ndio wanaoufuata.

Kitoboa cha Mama Rukia hakina tanuri. Kina ncha za majani ngumu, zimebanana kama shazia, ndizo zinazopasua udongo uliogandamana. Na utomvu wake una vitu vinavyozuia maji yasigande vipande vipande na kupasua chembe hai. Usiku baridi ikizidi, mmea mzima hulala chini, utadhani umekufa. Jua likipanda unasimama tena. Kwangu mimi hilo ni la ajabu kuliko joto.

#6 Binti_wa_Majengo
Mimi pia niko Leeds, kwetu Majengo. Naongeza ninayoyaona kwa macho. Kwanza, theluji hapa huanguka siku chache tu, na maua haya huchanua hata isipoanguka kabisa. Picha ya binti wa Mama Rukia ni bahati ya asubuhi moja. Pili, mtu wa pwani haelewi thamani ya ua hili mpaka apite Disemba hapa. Jua huchomoza saa mbili na dakika ishirini asubuhi, na likifika saa kumi kasorobo limekwisha tua. Unakwenda kazini gizani, unarudi gizani. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nalia bila kujua nalilia nini. Halafu siku moja mwishoni mwa Januari, nyuma ya kituo cha basi, nikayaona, kama kumi hivi, chini ya mti usio na jani. Nilimpigia mama papo hapo kumwambia. Alidhani nimepata kazi mpya.

#7 MamaRukia
Mwanangu, umenitia machozi. Sasa ndiyo nimejua kwa nini binti yangu hakuandika neno lolote chini ya picha ile.

#8 Nahodha_Mstaafu
Assalam aleikum. Nimekwenda Hamburg na Rotterdam mara nyingi kwa kazi ya meli, na mara mbili ilikuwa Februari. Mwalimu ameruka jambo moja. Theluji yenyewe ni blanketi. Mzee mmoja wa bandarini alinionyesha: hewa ilikuwa chini ya sifuri sana, ndevu zaganda, lakini alipofukua theluji kwa mkono, udongo wa chini ulikuwa laini. Mmea ukifunikwa haupigwi na upepo. Kwa hiyo nguvu si ya ua peke yake, amefunikwa shuka.

#9 Mwalimu_Bio
Mzee wangu, shikamoo. Blanketi ni kweli, chini ya theluji nene joto hukaa karibu na sifuri hata juu pakiwa nyuzi 15 chini yake. Lakini Binti #6 amesema huchanua hata bila theluji. Blanketi haliwezi kuwa jibu lote.

#10 Nahodha_Mstaafu
Marahaba. Sikusema ni jibu lote. Nimesema umeliruka.

#11 KijanaTudor
Tukiwa hapo hapo, mzee: vitabu vyetu vya shule vinaita majira ya baridi ya Ulaya "kipupwe". Ni sawa?

#12 Nahodha_Mstaafu
Waandishi walihitaji neno wakalichukua. Kipupwe chetu ni ubaridi wa Juni mpaka Agosti, kusi inavuma, bahari imechafuka, watu wanatafuta shuka usiku. Hapa Mombasa hushuka mpaka nyuzi 20 hivi, basi. Na sasa hivi, Februari, wao wanatetemeka, sisi tuko ndani ya joto la kaskazi, kaskazi ile ile iliyokuwa ikileta majahazi ya Arabuni na Uhindi. Ukisema ua la kipupwe, mimi nawaza Julai, nawaza mwembe unaotoa maua. Kwa hivyo semeni tu majira ya baridi.

#13 Abu_Pilau
Nimeona Binti akipita hapo. Mwanangu, huko Leeds mwezi huu si pia yanatoka yale maua ya krokasi, zambarau na manjano? Hayo si ndiyo zafarani? Sokoni hapa kijidude cha gramu moja unatoa pesa mpaka unajiuliza kama biriani ni lazima. Si uokote tu?

#14 Binti_wa_Majengo
Baba Abu, naomba usimwambie mtu yeyote aokote! Krokasi za Februari na Machi hazina kiungo. Zafarani ya kupikia ni krokasi nyingine, *Crocus sativus*, na hiyo huchanua Oktoba na Novemba. Kila ua lina nyuzi tatu tu nyekundu, huchumwa kwa mkono, na gramu moja kavu hutaka maua zaidi ya mia. Iran ndiyo inayotoa nyingi kuliko nchi zote. Halafu kuna ua jingine la wakati huo huo wa Oktoba linalofanana nalo, *Colchicum*, lina sumu ya kuua mtu. Kwa hiyo nunua sokoni.

#15 Abu_Pilau
Shukran kwa kuniokoa na wageni wangu.

#16 Muuguzi_Zamu
Kwa kuwa mmegusa sumu: kitoboa nacho kina sumu, na nargisi, ua jingine la tunguu, vilevile, hasa matunguu yake. Huko Ulaya watu wamewahi kuyapika wakidhani ni vitunguu. Mama Rukia, hata ukifaulu kuyapata, usiyaweke jikoni. Watoto, mbuzi, wote mbali.

Lakini ndani ya sumu hiyo hiyo imetoka dawa. Miaka ya 1950 watafiti wa Muungano wa Sovieti na wa Bulgaria walichunguza maua ya jamii hii wakapata galantamini, jina limetokana na hilo *Galanthus* la #3. Leo hutumika kwa wagonjwa wa Alzheimer, ule ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu. Marekani iliiidhinisha 2001. Haiponyeshi, huwapunguzia baadhi yao makali kwa muda. Na si ya kuchemsha majani nyumbani, tafadhalini.

#17 Mwana_wa_Changamwe
Huwa nasoma tu hapa, siandiki. Mama yangu anatumia dawa hiyo ya #16 mwaka wa pili. Kuna siku ananiita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani, kuna siku ananiambia habari za harusi yake mpaka rangi ya leso. Sikujua kuwa ilianzia kwenye ua. Leo nimemwonyesha hiyo picha ya theluji. Ameniuliza, "Nani amemwaga chumvi?" Tumecheka wote wawili. Ahsante Mama Rukia kwa kuanzisha uzi.

#18 MamaRukia
Mwenyezi Mungu amhifadhi mama. Mnyweshe maji ya dafu, umwambie Kuze wanamsalimu.

#19 Mtunza_Kitalu
Nimerudi. Swali la pili la Mama Rukia.

Kitoboa hakitachanua Kuze. Sababu si joto la mchana peke yake. Tunguu hili ni kama lenye hesabu. Lazima lipite majuma mengi ya baridi ndipo kikonyo kipate amri ya kurefuka. Kisipoipata amri hiyo, ua linabaki limejikunja ndani mpaka linakauka. Mombasa baridi hiyo haipo hata Julai.

Mimi nimejaribu na tulipu, ambazo nazo zina tabia hiyo, hutaka wiki 12 hadi 16 chini ya nyuzi 9 hivi. Mteja aliniachia matunguu sita. Niliyafunga karatasi nikayatia friji wiki 14, sehemu ya mboga. Kosa langu la kwanza nililigundua katikati: niliyaweka pamoja na ndizi na maembe. Matunda yakiiva hutoa hewa ya ethilini inayoua ua ndani ya tunguu. Nikayatenganisha, nimechelewa. Kati ya sita, mawili yalichanua, vikonyo vifupi kama kidole gumba, na kwa joto letu yalidumu siku tatu. Mke wangu aliketi nayo barazani siku zote tatu. Sijutii, lakini siwezi kukuuzia njia hiyo kama kilimo.

Ukitaka tunguu lisilodai baridi, kuna nargisi nyeupe zile ndogo zenye maua mengi kwenye kikonyo kimoja, asili yake nchi za Bahari ya Kati. Hizo angalau hazihesabu baridi.

#20 MamaRukia
Friji yangu imejaa samaki na barafu za watoto za kuuza. Wiki kumi na nne nitawaambia nini?

Lakini umenikumbusha kitu. Nargis! Nilisoma na msichana wa jina hilo. Sikuwahi kujua ni ua.

#21 Binti_wa_Majengo
Ni ua, tena huku ndilo la tatu kwenye foleni. Kitoboa Januari na Februari, krokasi kufuatia, halafu nargisi za manjano Machi, pembeni mwa barabara zote. Watu wa Wales huzivaa kifuani tarehe 1 Machi, siku yao ya taifa.

#22 Mpakuzi_Kilindini
Kabla binti hajatia chochote kwenye sanduku: tunguu ni mmea hai. Kuuingiza Kenya kunataka kibali cha KEPHIS, wakaguzi wa serikali wa afya ya mimea, kilichotolewa kabla ya safari, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi ya huko. Na *Galanthus* zote zimo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa sababu zilikuwa zinachimbwa porini kwa wingi sana, hasa Uturuki, kwa ajili ya kuuzwa. Siandiki kumtisha mtu. Nimeona mizigo ya watu ikichomwa, na inauma.

Jambo jingine ambalo hufikiri kila Februari nikiwa zamu. Wao wana hicho kiua kimoja bustanini, na sisi huku tunapakia makontena ya baridi yenye waridi za Naivasha kwenda kwao. Humo ndani ni karibu na nyuzi sifuri, nje nyuzi 33. Ukifungua mlango kukagua, unasimama kati ya majira mawili.

#23 KijanaTudor
Waridi si huenda kwa ndege kutoka Nairobi?

#24 Mpakuzi_Kilindini
Nyingi bado ni ndege. Za baharini zinaongezeka. Ua lililokatwa likiwekwa kwenye baridi ile hulala, linafika baada ya majuma likiwa halijafunguka.

#25 KijanaTudor
Basi baridi moja inalaza waridi na kuamsha kitoboa. Hapo mimi sielewi tena.

Nimetafuta bei pia. Mwaka 2015 tunguu MOJA la kitoboa cha aina adimu liliuzwa kwa mnada mtandaoni pauni 1,390. Piga hesabu ya wakati ule, ni karibu shilingi laki mbili. Mama Rukia, rudi kwenye asumini.

#26 Bi_Vikuba
Nami nilikuwa nangoja mtu ataje asumini. Ninasokota vikuba Mji wa Kale tangu mama yangu yuhai. Nimelisoma jambo hili lote toka #1 na nina neno. Mnauliza ua linapata wapi nguvu, nyote mnatazama tunguu na barafu. Hakuna aliyeuliza linamchanulia nani. Asumini yangu nachuma vikonyo alasiri, bado vimefumba, maana vinafunguka usiku kwa ajili ya wadudu wa usiku, na harufu ndiyo mwito. Hilo jeupe la Leeds lina harufu? Nani analitembelea kwenye baridi ile?

#27 Mwalimu_Bio
Swali zuri kuliko yote, Bi. Lina harufu nyepesi, kama asali. Hewa ikifika nyuzi 10 hivi, zile petali tatu za nje hunyanyuka na ua hufunguka. Joto hilo hilo ndilo nyuki anapoweza kuruka. Pakiwa na baridi zaidi hujifunga, hungoja. Wateja ni nyuki wa mizinga na yule nyuki mnene mwenye manyoya. Malkia wake hulala ardhini majira yote ya baridi, akiamka ana njaa, na maua mengine ni haba. Duka moja wazi mtaa mzima. Wengi huona hiyo ndiyo faida ya kuwahi.

Wengine husema faida ni mwanga: miti ya misitu ile, mialoni na wenzake, haina majani Februari, jua linafika chini. Ikifika Mei kivuli kimetanda, kitoboa kimekwisha kula, kimejaza tunguu, kinakwenda kulala. Na mbegu zake zina kinofu cha mafuta, sisimizi huzibeba. Mimi hupima sababu hizi mbili kila mwaka darasani na kila mwaka wanafunzi hugawanyika.

#28 Bi_Vikuba
Mimi niko na nyuki.

#29 Nahodha_Mstaafu
Mimi niko na mwanga. Kwenye bustani za Hamburg niliyaona yamejaa chini ya miti, si uwanjani.

#30 Binti_wa_Majengo
Huku yako makaburini na kwenye uwanja wa kanisa pia, peupe kabisa. Na wanasema huenda hata si mwenyeji wa Uingereza, lililetwa na watu kutoka bara la Ulaya. Kwa hiyo mahali ulipoliona huenda ni mtu alipolipanda, mzee wangu.

#31 Mjukuu_wa_Kaya
Bi Vikuba amenifungulia mlango. Niko Rabai. Jamani, mbona mnazungumza kama kwamba kuwahi msimu ni jambo la Ulaya tu? Tokeni nje sasa hivi. Kaskazi imekausha kila kitu, ng'ombe wanatafuna makaratasi, na mwamba-ngoma umesimama hauna jani hata moja, juu umejaa maua mekundu kama makaa, ndege chozi wanagombana. Bibi yangu alikuwa na mdagu mlangoni, lile waridi la jangwani lenye shina nene, lilikuwa likichanua katika ukame huu huu. Babu akiona mwamba-ngoma umewaka, hupeleka majembe kunolewa. Majira yetu ya dhiki si baridi, ni kiu. Na tuna maua yanayoitangulia mvua kama kitoboa kinavyolitangulia joto.

Halafu kuna hili: lile ua jekundu la duara, nyuzi tupu, kama mpira, linalotoka ardhini peke yake mvua ya kwanza ikipiga. Mchana wake unakuta ncha, siku chache mbele ua zima. Nalo lina tunguu.

#32 Mtunza_Kitalu
*Scadoxus multiflorus*. Na Mjukuu, kaa chini: hilo na kitoboa cha Leeds ni UKOO MMOJA. Nargisi pia. Vitunguu vya jikoni navyo wanasayansi wa leo wamewaweka humo humo. Nimeuza maua miaka kumi na tisa na sikuwahi kuyafikiria haya mawili pamoja.

#33 MamaRukia
Subhanallah. Binamu yake yuko Rabai!

#34 Mwalimu_Bio
Ni sahihi, ukoo wa Amaryllidaceae. Mmoja anahesabu baridi, mwingine anangoja maji. Akiba ni ile ile, tunguu.

Ila kuhusu mwamba-ngoma kuchanua bila majani, maelezo yako zaidi ya moja. Kuokoa maji, kwa sababu jani ndilo linalopoteza maji mengi. Ndege kuona rangi kwa mbali, hakuna jani la kuficha. Na mbegu kuiva mvua ikikaribia.

#35 Mjukuu_wa_Kaya
Babu alisema mti huchanua kwa sababu unasikia mvua ikiwa bado baharini. Sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo.

#36 Nahodha_Mstaafu
Babu yako alikuwa na akili. Ubaridi wa hewa hubadilika kabla upepo haujageuka. Mabaharia huusikia kwenye ngozi.

#37 Mtunza_Kitalu
Na kuhusu mwembe uliotajwa #12: mzee alilenga. Ngowe, boribo, apple, yote ya pwani hutoa maua baada ya ubaridi na ukavu wa Julai na Agosti. Kwa hiyo hata mwembe wa Mombasa unaonja kijibaridi kabla ya kuchanua. Tofauti na kitoboa ni kiasi tu. Ingawa wengine husema kwa mwembe umri wa matawi ndio muhimu kuliko ubaridi, na miti yangu miwili ya apple hainisaidii kuamua, mmoja huchanua hata Januari.

#38 Binti_wa_Majengo
Kabla sijalala, moja kwa ajili ya Baba Abu. Kuna ua jingine la baridi, *Helleborus*. Watafiti wa Uhispania waliona kuwa ndani ya asali yake hukaa hamira. Nyuki huileta, nayo hula sukari ya ua na kulipasha joto nyuzi kadhaa.

#39 Abu_Pilau
Hamira?! Hii ya mahamri? Sasa hilo naliamini bila kubishana. Mkono wangu uingize kwenye unga ulioumuka saa kumi za alfajiri, utausikia ulivyo na uvuguvugu.

#40 KijanaTudor
Mwalimu, si ulisema joto ni la mmea mmoja tu wa Amerika?

#41 Mwalimu_Bio
Nilisema kitoboa hakina tanuri. Hilo bado nasimama nalo. Ya hamira nayapokea, sikuyajua.

#42 MamaRukia
Nimesoma yote mara mbili, ya pili kwa sauti, jirani zangu wanasikiliza. Nimeamua. Kitoboa kibaki Leeds, binti anipigie picha kila mwaka. Lakini huyo binamu mwekundu namtaka. Mjukuu, waweza kunipatia tunguu moja? Lisitoke kayani, ile misitu mitakatifu ya wazee.

#43 Mjukuu_wa_Kaya
Kayani hakutolewi hata kijiti kikavu, Mama, na kaya zetu zimo kwenye urithi wa dunia tangu 2008, zalindwa. Lakini shambani kwetu tulipochimba msingi wa nyumba ya ndugu yangu yalifukuliwa matunguu manne, tumeyapanda upya chini ya mkanju. Moja lako. Alhamisi nashuka mjini, nitaliacha kwa Mtunza_Kitalu.

#44 Mtunza_Kitalu
Limefika salama, nimelitia kwenye kopo lenye mchanga na majani yaliyooza, shingo ikichungulia kidogo. Mama Rukia, usilitilie maji mpaka mvua yenyewe inyeshe. Na nalo lina sumu, #16 alivyosema.

#45 MamaRukia
Nimelichukua leo. Liko uani, juu ya ngazi, watoto hawafiki. Naliangalia kila nikisali alfajiri. Kopo la udongo mtupu.

#46 KijanaTudor
Wiki tano sasa uzi umenyamaza. Mama Rukia, kopo vipi?

#47 Bi_Vikuba
Mvua imepiga usiku huu Mji wa Kale, mabati yamelia mpaka saa nane. Kuze pia bila shaka.

#48 MamaRukia
Imepiga. Nimeamka kuanua nguo, taa mkononi, nikapitia ngazini. Kuna ncha! Kama ukucha, imepasua udongo.

#49 Mjukuu_wa_Kaya
Ya jani au ya ua? Tazama chini ya kikonyo, kama kina madoadoa ya zambarau. Halafu ncha yenyewe rangi gani?

#50 MamaRukia
Madoadoa yapo. Ncha imefumba, lakini pembeni pamepasuka kidogo na ndani pana wekundu. Binti nimempigia, kwao ni usiku bado, amepokea mlio wa kwanza. Kukicha nampigia picha.